Si kila aliyeshindwa "amekuangusha": tuelewane kuhusu msemo wa Kiingereza "let someone down"

Mwalimu wa Rungwe (mwanzisha uzi)

Mugonile wakuu, na shikamoo kwa wakubwa wote humu.

Leo naomba tuchambue msemo mmoja tu wa Kiingereza, "to let someone down". Nafundisha somo hilo sekondari huku Rungwe, na sijaona msemo unaopindishwa na wengi kama huu, kuanzia watoto wa kidato cha pili mpaka watu wazima wanaoandika barua za kuomba kazi. Nao ni msemo mzito. Ukiukosea kwenye mtihani unapoteza alama, ukiukosea kwa mtu unambebesha lawama isiyo yake.

Maana yake ni hii: mtu alikutegemea kwa jambo fulani, nawe hukulitimiza. Kiswahili chetu kina neno linalokaa palepale, kumwangusha mtu. Mzazi anayemsindikiza mwanawe stendi kwenda shule ya bweni akamwambia "usituangushe" amesema kilekile ambacho Mwingereza angesema "don't let us down". Kwa hiyo maana yenyewe si ngeni kwetu, tunaiishi.

Tatizo linaanzia kwenye kamusi ndogo za mfukoni. Mwanafunzi anatafuta "disappoint", anakuta "katisha tamaa", anajumlisha kwamba na "let down" ni kukatisha tamaa. Ndipo unapokutana na sentensi kama "My father let me down to study science", mtoto akitaka kusema baba alimkatisha tamaa asisome sayansi. Hapo sentensi imeharibika kabisa. Kukatisha tamaa ni kumtoa mtu moyo wa kufanya jambo, na Waingereza wana neno lao kwa hilo, "discourage". Baba yule hakuahidi chochote, na mtoto hakuwa ameegemea ahadi yake yoyote. Hakuna kilichovunjika kati yao, labda moyo wa mtoto, na hilo ni jambo lingine.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo: pasipo tegemeo hakuna "let down". Mnunuzi aliyesimamisha gari shambani kwako, akauliza bei ya parachichi, akaondoka zake, hajakuangusha. Aliyesema vuna Alhamisi nakuja na kreti, ukavuna, ukampigia simu haipokelewi, huyo ndiye "he let me down". Wote wawili hawakununua, ila mmoja tu ndiye mwenye deni la maelezo.

Sasa sarufi kidogo, maana ndiyo inayowaangusha wengi.

Kitenzi "let" hakibadiliki kikienda wakati uliopita. Leo "let", jana "let", na baada ya "have" bado "let". Hakuna "letted". Na kiwakilishi lazima kikae katikati: "let me down", "let them down". Ukiandika "let down me" umekosea moja kwa moja. Ukitaja jina la mtu au nomino ndipo una uhuru: "he let his parents down" na "he let down his parents" zote ni sawa. Halafu kuna wale wanaochukua "kuangusha" ya Kiswahili na kuipeleka nzimanzima, wakaandika "you have fallen me down". Kiingereza hakina sentensi hiyo.

Karibuni tuendelee, hasa mnaokitumia Kiingereza kazini.

---

Wakala wa Mpakani

Asante mwalimu, uzi huu ulikuwa unahitajika. Niko Tunduma, nashughulikia nyaraka za mizigo ya magari yanayovuka kwenda Nakonde na kuendelea. Upande wa pili ni Zambia, Kiingereza ndiyo lugha yao ya serikali, kwa hiyo mazungumzo na wateja kwenye WhatsApp kutwa nzima ni Kiingereza.

Nilichokiona ni kwamba vijana wetu wanaurusha msemo huu haraka mno. Gari limechelewa foleni, tayari kijana ameandika "you let me down". Anadhani amesema "umenichelewesha". Mteja anasoma kwamba ameambiwa si mtu wa kuaminika. Nimeona biashara nzuri ikipoa kwa ujumbe wa maneno manne, na aliyeandika hakuwa na nia mbaya hata kidogo.

Mimi nawaambia: kama tatizo ni mzigo, utaje mzigo. "I am disappointed that the documents are late" inazungumzia nyaraka. "You let me down" inamzungumzia mtu. Mwalimu, nirekebishe kama siko sahihi.

---

Mwalimu wa Rungwe

Uko sahihi kabisa mkuu, na mfano wako nitaupeleka darasani. "Disappointed" inaeleza hali ya moyo wako, na chanzo chaweza kuwa chochote. "You let me down" ina mtu anayenyooshewa kidole. Kama kweli aliahidi na akakaa kimya, sema, ni haki yako. Ila ukilisema, ujue umesema nini.

Ngazi ya juu yake ni "betray", kusaliti. Aliyekuangusha anaweza kuwa alizidiwa, alisahau, alijipima vibaya. Msaliti alikusudia. Watu wakasirikapo huruka ngazi hiyo, wakamwita msaliti mtu aliyeshindwa tu kufika kwenye kikao cha harusi.

---

Mama Maziwa

Kamwene wote. Mimi ni mfugaji Njombe, ng'ombe wa maziwa. Naomba niwaletee "let down" nyingine ambayo haina uhusiano wowote na lawama, maana imewahi kutuletea mkanganyiko kwenye kikundi chetu.

Kulikuwa na kijitabu cha mafunzo cha Kiingereza, kijana mmoja mwenye elimu yake akajitolea kututafsiria. Akafika kwenye "milk let-down" akaandika "kuvunjika moyo kwa maziwa". Akina mama wakabaki wanatazamana. Hakuna aliyemcheka, kijana alikuwa anatusaidia. Lakini jambo lenyewe tunalijua sote: ni ng'ombe *kushusha* maziwa.

Kwa wasiofuga, naomba muwe na subira nieleze. Maziwa mengi hayakai tayari kwenye chuchu yakisubiri kukamuliwa. Yanakuwa juu, ndani ya vijifuko vidogo sana vya kiwele. Unapoosha kiwele kwa maji ya vuguvugu na kukikanda, au ndama anapoanza kunyonya, taarifa inakwenda kwenye ubongo, inatoka homoni inayoitwa oksitosini, inasafiri kwenye damu mpaka kwenye kiwele na kuvibana vile vijifuko. Maziwa yanashuka. Huchukua kama dakika moja hivi kuanza, na nguvu ya homoni hiyo ni ya dakika chache tu, ndiyo maana mkamuaji hatakiwi kuacha ndoo akaenda kuongea na simu. Ng'ombe akiogopeshwa, akapigwa, akaona mbwa mgeni au mtu asiyemjua, homoni ya hofu inazuia kazi yote hiyo. Hapo tunasema ng'ombe amebania maziwa. Utakamua upate kidogo, ulaumu pumba, kumbe tatizo ni kelele za bandani.

Hata mama anayenyonyesha ni hivyohivyo, na wauguzi kwa Kiingereza hutumia neno hilohilo, "let-down". Kwa hiyo ukikuta neno hilo kwenye kitabu cha mifugo au cha uzazi, usilete habari za kuangushana.

---

Mwanakwaya

Mama Maziwa umenifungulia kitu. Basi maana ya mwanzo ni kushusha tu, si ndiyo? Nimekumbuka Luka sura ya 5, Petro anaambiwa washushe nyavu. Kwenye Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 imeandikwa "let down your nets". Na yule mwenye kupooza aliyepitishwa darini kwenye Marko 2, pale nako "they let down the bed", wakakishusha kitanda.

Nilikuwa nasoma "let down your nets" nikidhani nyavu zimemkosea Petro jambo.

---

Mwalimu wa Rungwe

Barikiwa sana. Ndiyo, kushusha ndiyo maana ya wazi, ya mikono: kushusha ndoo kisimani, kushusha kamba. Fundi cherehani akifumua pindo ili sketi ya mwanafunzi aliyerefuka iongezeke urefu, kwa Kiingereza ame-"let down the hem". Na kule Uingereza mtu akitoa upepo kwenye tairi, ame-"let down the tyre". Zote hizo hazina lawama ya ahadi iliyovunjwa.

Utazitofautishaje? Tazama kilichoshushwa. Kama ni wavu, pindo, tairi au maziwa, ni kushusha au kuachia. Kama ni mtu au watu, karibu kila mara ni kuangusha kwa maana ya leo.

---

Mzee wa Samora

Mwalimu, naheshimu ulichoandika, lakini kwenye mpira sikubaliani nawe. Umesema pasipo ahadi hakuna "let down". Sisi mashabiki hakuna mchezaji aliyetuahidi kitu kwa maandishi, na bado timu inaweza kutuangusha. Waingereza wenyewe wana "let the side down", na hiyo "side" ni timu.

Mimi ni wa Iringa, timu ya Lipuli ilikuwa yangu. Mwaka 2019 tulifika fainali ya Kombe la Shirikisho, tukafungwa na Azam bao moja kwa sifuri. Sijawahi kusema timu ilituangusha siku ile. Watoto walicheza. Lakini kuna mechi nyingine nilizokaa uwanja wa Samora nikaona mtu anatembea uwanjani, mpira unampita, harudi kukaba. Yule ametuangusha, tena sana, ingawa hakuniahidi.

---

Mwalimu wa Rungwe

Mzee wangu, shikamoo. Naona tunakubaliana zaidi ya unavyodhani. Niliandika *tegemeo*, na ahadi ni njia mojawapo tu ya kulijenga. Anayevaa jezi amekubali kutegemewa, na jezi yenyewe inasema kwa niaba yake. Ndiyo maana umeitenga fainali na ile mechi ya uvivu, na umeitenga sawasawa. Kufungwa peke yake siyo "letting down".

Hiyo "let the side down" nashukuru umeileta. Inatumika sana Uingereza, hata nje ya michezo: mtu mmoja katika kundi anafanya jambo linaloaibisha au kurudisha nyuma kundi zima. Wanakwaya wote wamefika na sare, mmoja kaja na nguo ya nyumbani. Ofisi nzima imefunga mahesabu isipokuwa idara moja. Mmarekani hatumii sana "side" kwa timu, yeye atasema "let the team down".

---

Kijana wa Soweto Mbeya

Mimi natoka nje kidogo ya mada. Kwa nini tuhangaike hivi na Kiingereza cha watu wakati sisi tuna maneno matamu kuliko hayo? Aliyekuangusha ghafla *amekuacha kwenye mataa*. Aliyekimbia ahadi *ameingia mitini*. Mchumba aliyekuacha *amekutosa* au *amekupiga chini*. Na kwa ujumla *amezingua*. Mwingereza ana neno moja, sisi tuna safu nzima.

---

Wakala wa Mpakani

Kaka, utajiri huo hakuna anayeukataa. Lakini mteja wa Lusaka huwezi kumwandikia ameingia mitini. Na mtoto anayetoka shule ya msingi aliyosoma kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Tusipomweleza sisi, nani atamweleza?

Halafu maneno yako hayalingani uzito. Kumwacha mtu kwenye mataa kuna ghafla ndani yake, mtu alikuwa nawe akapotea wakati wa shida. Kuzingua kunaweza kuwa jambo dogo tu. "Let down" ina huzuni zaidi kuliko hasira. Naona "kuangusha" ndiyo ya karibu.

---

Mwalimu wa Rungwe

Nakazia hilo la huzuni. Msikilize Mwingereza akisema "I feel let down". Hajamtaja mtu, wala hagombi. Anasema nilitegemea, na sasa niko chini. Wafanyakazi, wagonjwa, wapiga kura, wote utawasikia wakisema hivyo.

Na kitu pia kinaweza kumwangusha mtu kwa Kiingereza, si mtu tu. "The engine let us down" unaweza kuisema gari likikufia mlima Kitonga. "The weather let us down" utaisema kwenye sherehe ya nje iliyonyeshewa, na sisi wa Tukuyu tunaijua mvua. Mvua haikuahidi, kweli, ila mpango mzima ulikuwa umeiegemea hali ya hewa.

Kuna matumizi mengine ninayoyapenda sana kama mwalimu. Kwenye ripoti za shule za Kiingereza utakuta "Your spelling lets you down". Maana yake kazi yako kwa jumla ni nzuri, kitu kimoja dhaifu ndicho kinachoishusha. Ni lawama yenye sifa ndani yake. Natamani wengi wetu tungeandika hivyo kwenye ripoti za watoto, badala ya lile neno "hafifu" lisilosema ni nini cha kurekebisha. Mtoto anayeambiwa insha yako ni nzuri, kinachokuangusha ni alama za uandishi, anajua aanzie wapi.

Nomino yake ni "a letdown", na hii hutumika zaidi kwa jambo kuliko mtu: tamasha lililotangazwa mwezi mzima, ukifika spika hazisikiki. "It was a letdown." Na ipo "to let someone down gently", kumpa mtu habari isiyopendeza kwa upole, hasa aliyekuposa au aliyeomba kazi.

---

Binti wa Mafinga

Shikamoo mwalimu, shikamooni wote. Nimefuatilia uzi huu tangu mwanzo, sasa naomba msaada wa kweli.

Kuna mtu nje ya nchi amekuwa akinilipia ada tangu kidato cha kwanza. Hatujawahi kuonana, tunaandikiana. Matokeo yangu ya kidato cha nne yametoka na nimepata daraja la tatu. Nilikuwa nimemwandikia kwamba nalenga la kwanza. Kipindi cha mitihani niliugua, mitihani miwili niliifanya nikiwa na homa. Tangu matokeo yatoke sijamwandikia. Nimeandika hivi lakini sijatuma: "I have let you down. I am very disappointing."

Je, ni sahihi?

---

Mama Maziwa

Mwanangu, kabla mwalimu hajaingia kwenye Kiingereza, niseme kama mama. Ulikuwa mgonjwa na bado uliingia kwenye chumba cha mtihani. Hukumwangusha mtu. Ila ukimya wako, huo ndio utakaomwangusha, kwa sababu anasubiri na hajui asubiri nini. Mwandikie leo.

---

Mzee wa Samora

Naungana na mama. Ulirudi kukaba ukiwa na homa.

---

Mwalimu wa Rungwe

Marahaba binti, na pole sana kwa kuugua.

Nianze na sentensi ya pili, iondoe kabisa. "I am very disappointing" maana yake wewe ni mtu wa kukatisha matumaini ya wengine, kwamba ndivyo ulivyo. Ulitaka kusema una huzuni kwa matokeo, na hiyo ni "I am disappointed", kwa *-ed*. Kosa la kawaida sana, ila hapa linakuumiza wewe mwenyewe.

Sentensi ya kwanza sarufi yake ni safi. Swali ni kama ni ya kweli, na mimi naona siyo. Ukiandika "I have let you down" umejihukumu na kufunga kesi, naye hajapata nafasi ya kujua habari ya homa. Kama moyo unakusukuma lazima uitaje, tanguliza "I feel": "I feel I have let you down." Hapo unaeleza unavyojisikia, na yeye anabaki na nafasi ya kukujibu kwamba hapana, hukuniangusha.

Lakini mimi ningeanza na habari yenyewe, kwa upole. Andika: "My results are not what we hoped for. I got Division Three. I was ill during the exams and sat two of the papers with a fever." Halafu aya mpya, mweleze unachotaka kufanya sasa. Daraja la tatu halifungi milango, kuna kidato cha tano kutegemea masomo uliyofaulu, na kuna vyuo vya kati. Angalia vigezo vya kozi unayoitaka ndipo uitaje, usitaje kitu hujakihakiki.

Usimalizie kwa "I will not let you down again". Hiyo "again" inakiri kosa ambalo hukulifanya. "Thank you for standing by me" inatosha.

---

Binti wa Mafinga

Asante sana mwalimu, asante mama, asante babu. Nimeiandika upya. Swali moja tu: nimeweka "My results is not what we hoped for", kwa sababu ni matokeo ya mtu mmoja. Ni sawa?

---

Mwalimu wa Rungwe

Weka "are". Mtu ni mmoja lakini "results" ni wingi, kama matokeo yetu *yalivyo* na si *lilivyo*. Rekebisha hapo tu, kisha itume.